Mtoto Aliyepewa Jina la Seneta

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza kwenye nyasi, nyuma ya wodi mpya ya wazazi ambayo siku hiyo ilikuwa na magodoro mapya, mashuka mapya, na mlango uliozuiwa kwa utepe. Kila ninapowasikia watu wakiisifu wodi ile, na jina lililobandikwa ukutani mwake, nazikumbuka nyasi zile.

Kituo hicho cha afya kiko upande wa juu wa Gisenyi, kwenye njia wanayoshukia wachuuzi wa viazi kutoka Bugeshi. Tulihamia mtaa wa hapo baada ya kurudi Rwanda kutoka Tanzania, ambako wazazi wetu walituzaa ukimbizini. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Mdogo wangu alinunua viazi vya Bugeshi na kuwauzia akina mama waliovivusha mpakani kwenda Goma, upande wa Kongo. Mume wake ni askari, na wakati ule alikuwa kazini mbali na nyumbani.

Kabla ya wodi hiyo, wanawake wa kwetu walijifungulia katika chumba kimoja chenye dirisha dogo na vitanda visivyotosha. Kilikuwa kibovu, ila kilikuwa wazi mchana na usiku. Kisha tukasikia kwamba Wamarekani watatujengea wodi, na itaitwa kwa jina la seneta wao mmoja mzee, mtu aliyekuwa amekaa bungeni kwao tangu kabla sisi hatujazaliwa. Hatukujua amelifanyia nini taifa lake, wala ametujulia wapi. Mkuu wa kituo, ambaye wote tulimwita titulaire kama wanavyoitwa wakuu wa vituo vya afya huku kwetu, alituambia habari zake kwenye mkutano wa mtaa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Alisema kwao kuna daraja lenye jina la seneta huyo, uwanja wa ndege, shule, jengo la mahakama, hata bwawa la maji. Alivitaja kimoja kimoja kwa sauti ile ya mtu anayesoma Injili, na watu wakapiga makofi kila alipotua. Nilipiga na mimi. Sikuona ubaya wowote.

Ubaya nilianza kuuona jengo lilipokamilika na halikufunguliwa. Seneta alitaka kuja mwenyewe kulizindua, na safari yake ikawa inaahirishwa. Wanawake waliendelea kulala wawili wawili kwenye chumba cha zamani, huku upande wa pili wa ua vitanda vimepangwa vitupu. Siku moja nilikwenda kumtazama jirani aliyejifungua, nikachungulia dirishani mwa wodi mpya. Magodoro yalikuwa bado ndani ya plastiki. Kitu pekee kilichokuwa kikitumika mle ni ukuta, maana jina lilikwisha kubandikwa, herufi za shaba kubwa kubwa, na mfanyakazi wa usafi alikuwa amepanda ngazi anazisugua.

Uchungu ulimshika mdogo wangu asubuhi ya siku ile ile ya ufunguzi. Tulipanda polepole hadi kituoni, yeye ameniegemea, mimi nimebeba beseni na vitenge. Getini tulikuta kwaya, watoto wa shule wenye vibendera, na turubai jeupe lililofunika viti. Tulizungukia nyuma hadi kwenye chumba cha zamani. Kilikuwa na kufuli. Wengi waliokuwa wamelala humo walirudishwa makwao tangu alfajiri, na waliobaki waliketishwa kwenye benchi jikoni.

Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, aliyerudi kutoka Kongo na familia yake. Alimpima mdogo wangu hapo hapo kwenye benchi, mbele ya masufuria, kisha akanivuta pembeni. Aliniambia mtoto yuko karibu, na kwamba yeye hana pa kumpeleka.

"Ufunguo iko kwa titulaire," alisema. "Na ile chumba ya zamani wamefunga, juu wageni wasione. Nenda umuombe, mwalimu. Mi ameisha kunikatalia."

Nilimkuta titulaire getini, amevaa suti, anatazama barabarani. Nilimweleza. Nilitaraji akimbilie kutufungulia, maana alikuwa mtu mwema, namjua. Aliwahi kumbeba baba yangu kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali. Alinishika bega kwa upole.

"Vumilia kidogo, mwalimu. Mimba ya kwanza inachukua muda. Wakishakata utepe, mdogo wako ndiye atakuwa wa kwanza kulala mle ndani. Itakuwa heshima kwenu."

Nilimwambia mtoto hangoji utepe. Akasema magari ya wageni yamekwisha kupita Musanze, hayako mbali. Nikamwambia basi atufungulie chumba cha zamani. Alitazama saa, akatazama tena barabara, na nikaelewa kwamba alikuwa amemaliza kunisikiliza.

Tulimlaza nyuma ya wodi, kwenye nyasi, mahali wanapoanikia mashuka. Mkunga alikuwa ameficha glavu na wembe mpya mfukoni mwa koti lake. Nilitandika kitenge changu. Upande wa mbele ngoma zilianza, kwaya ikaimba, na mdogo wangu alipopiga kelele hakuna aliyemsikia ila sisi wawili. Mishikaki ya wageni ilikuwa ikichomwa karibu na jiko, na upepo wa ziwani ulipandisha moshi wa mafuta ya mbuzi hadi pale tulipokuwa. Mdogo wangu alitapika kwa sababu ya moshi ule. Mpaka leo siwezi kukaa mahali panapochomwa nyama.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Mkunga alimfunga kitovu, akamfuta, akamweka kifuani kwa mama yake, na kwa muda mfupi tulikuwa na furaha, hilo siwezi kulikana. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka tu wakati mwanamume mmoja alipokuja akizunguka kona ya jengo. Alikuwa mkalimani wa siku hiyo, mtu aliyerudi kutoka Uganda, kijana bado, Kiingereza chake kinasifiwa mji mzima. Alisimama. Aliiona damu, akamwona mdogo wangu, akamwona mtoto. Uso wake ukajaa furaha.

"Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa wodi," alisema. "Mungu ametujalia."

Aliondoka mbio. Punde titulaire alikuja na ufunguo wa mlango wa nyuma, ule ambao nilikuwa nimemwomba. Wakambeba mdogo wangu ndani na kumlaza kwenye kitanda cha kwanza. Hapakuwa na nafasi ya kutoa plastiki, kwa hiyo walitandika shuka juu yake, na kila alipojigeuza plastiki ililia chini yake. Walimfunika hadi shingoni. Mtu mmoja alipuliza manukato chumbani. Kisha nikasikia makofi nje, utepe ukakatwa, na wageni wakaingia.

Seneta alikuwa mzee sana, mrefu, mgongo umepinda, ngozi ya mikono nyembamba kama karatasi. Alikuwa amechoka. Alitembea kati ya vitanda vitupu akitikisa kichwa kwa kila anachoonyeshwa. Alipofika kwetu alisimama, akamtazama mdogo wangu kwa muda, kisha akanyoosha kidole kwenye nywele zake. Zilikuwa zimejaa vipande vya nyasi. Aliuliza jambo. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha darasani, lakini swali lilikuwa fupi na nililielewa. Aliuliza mama huyu alikuwa wapi.

Nilimgeukia mkalimani, nikidhani atamuuliza mdogo wangu. Hakutugeukia kabisa. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ya uchangamfu, na maneno niliyoyakamata ni shamba, na nguvu, na wanawake wa Rwanda. Wageni waliguna kwa huruma nzuri. Mzee alimwangalia tena mdogo wangu, na nadhani hakuridhika, maana alifungua mdomo kana kwamba anataka kuuliza tena. Lakini titulaire alikwisha kumnyanyua mtoto na kumweka mikononi mwa mzee, na kamera zikaanza. Mkalimani akashika kipaza sauti, akasema jambo, na chumba kizima kikapiga makofi. Afisa mmoja alianza kuandika.

Mdogo wangu alinishika mkono.

"Dada, wamesema nini?"

"Wamesema mtoto ataitwa kwa jina la huyu mzee."

"Nani kasema?"

"Wewe," nilimwambia. "Wanasema wewe ndiye umeomba."

Hakulia. Alifumba macho na kugeuza uso ukutani. Wageni walikula, wakaondoka kabla ya mvua, na mashuka yale yalivuliwa jioni yakaenda kufungiwa stoo.

Kwetu mtoto hupewa jina na watu wake, nyumbani, baada ya siku zake kutimia, jamaa wamekaa na kinywaji, kila mmoja akitaja analoona linafaa. Huyu alikuja nyumbani tayari ana jina, tena la ukoo wa watu wengine, lenye herufi zinazogombana mdomoni. Mama yetu hakuweza kulitamka hadi alipofariki. Baba wa mtoto alipiga simu kutoka kazini, akampa jina la Kinyarwanda, na hilo ndilo tulilomwita nyumbani. Lakini kwenye kadi ya kliniki, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa, la seneta ndilo lililotangulia. Shuleni walimu walijikwaa kila walipoita majina, na wenzake wakamwita Seneta, wakampigia saluti.

Kwa miaka kadhaa, kila wageni wa nje walipokuja kituoni, titulaire alimtuma mtu amchukue mtoto. Alitaka aje amevaa gauni jeupe. Alisimamishwa chini ya zile herufi za shaba, akapigwa picha, akapewa peremende, akarudishwa. Mdogo wangu alivumilia hadi siku moja mtoto aliporudi akasema mzungu mmoja amembusu na mdomo wake ulinuka. Tangu hapo hakumpeleka tena. Titulaire alikasirika, akasema hatuna shukrani. Hakukawia kuhamishwa kwenda wilaya nyingine.

Mlima ulipolipuka upande wa Goma na ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo, wodi ilipata nyufa. Wazazi walihamishiwa kwenye mahema uwanjani, baadaye kwenye jengo la upande wa chini. Wodi yenyewe ilifungwa, ikawekwa vitanda vilivyovunjika na mifuko ya saruji. Ufa mmoja ulipita kutoka paa hadi msingi. Ukuta wa mbele ulisalimika, na jina likabaki juu, limenyooka.

Seneta alikuwa amefariki kabla ya hapo. Tulisikia kwenye redio, tukaendelea na shughuli zetu. Sikufikiri kwamba kufa kwake kungeturudishia wageni wa kwao, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya muda, kikundi kutoka kwao kilikuja kutengeneza filamu kuhusu vitu vyote vyenye jina lake. Walikuwa wamekwisha kupiga picha daraja, na uwanja wa ndege, na meli moja. Sasa walikuwa wakimtafuta mtoto.

Aliyewaleta nyumbani kwa mdogo wangu alikuwa yule yule mkalimani. Alikuwa amenenepa, ana nyumba ya wageni karibu na ziwa, na magari ya kukodisha. Alitukumbatia kama ndugu. Kiongozi wa kikundi alikuwa mama wa Kimarekani, mpole, aliyevua viatu mlangoni na kunywa chai yetu bila kujilazimisha. Alieleza kwamba anataka kumhoji mama mzazi pale wodini.

Nilidhani mdogo wangu atakataa. Akakubali upesi, nikamfuata jikoni kumuuliza kwa nini.

"Sijawahi kuulizwa," alisema. "Hata mara moja. Nataka niulizwe."

Tulipofika kituoni sikuamini macho yangu. Vitanda vibovu na saruji vilikuwa vimetolewa. Ufa ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi, lakini upande ule tu ambao kamera ingeuona. Ukizunguka nyuma ulikuwa wazi, mkono unaingia. Wajawazito kutoka kwenye jengo la chini waliletwa wakalazwa kwenye magodoro ya kuazima, na mmoja wao, ambaye alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu, aliniambia kwa aibu kwamba yeye alikuja kupima presha tu. Rangi ilikuwa haijakauka. Harufu yake ilinirudisha siku ile nyingine, ya utepe na manukato, nikatoka nje nikatema mate mara kadhaa kabla ya kurudi.

Mdogo wangu aliketi chini ya jina, binti yake pembeni. Binti alikuwa sasa mwanafunzi wa sekondari, mrefu kuliko sisi, mwenye maneno machache. Mama wa filamu aliuliza, kupitia mkalimani, alijisikiaje siku ya kwanza alipoingia wodi hii.

Mdogo wangu alijibu kwa Kinyarwanda, taratibu, bila hasira. Alisema hakuingia. Alieleza juu ya benchi la jikoni, kufuli, utepe, nyasi, moshi wa nyama, plastiki. Alisema hakuomba jina. Alisema yule mzee alimuuliza alikuwa wapi, na leo ndiyo anamjibu.

Mkalimani alisikiliza hadi mwisho akitabasamu. Kisha akatafsiri. Alisema mama huyu anashukuru, kwamba kabla ya seneta wanawake hapa walijifungulia chini, na jina hili ni zawadi aliyoiomba mwenyewe kwa moyo wake wote. Kiingereza changu si kile cha zamani. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nanyanyuka niseme, lakini binti alinitangulia.

"Sivyo mama alivyosema," alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kinyarwanda ili mama yake naye asikie.

Mama wa filamu aliomba kamera izimwe. Mkalimani alicheka, akasema msichana ana woga wa kamera. Yule mama hakumjali. Alimwomba binti atafsiri upya, na binti akatafsiri yote, sentensi kwa sentensi, akimuuliza mama yake pale aliposahau. Ilipomalizika yule mama alikuwa na machozi. Alimshika mdogo wangu mikono yote miwili, akasema hiyo ni habari muhimu sana na ataibeba kwa uangalifu. Akaomba irudiwe kamera ikiwa imewashwa, na mdogo wangu akairudia. Tulirudi nyumbani tumechoka, lakini mdogo wangu aliimba alipokuwa akipika. Nilikuwa sijamsikia akiimba muda mrefu.

Filamu ilipotoka, binti aliipata kwenye simu. Tuliitazama pamoja, sebuleni kwa mdogo wangu, Jumapili baada ya kanisa. Daraja lilipita, uwanja wa ndege, meli, bwawa. Watu wazee wenye tai walisimulia jinsi mzee alivyopenda mbwa wake. Kisha likaja ziwa letu, na mlima, na ukuta wa wodi. Mdogo wangu alionekana akizungumza, midomo inakwenda, lakini sauti yake haikuwepo. Juu yake uliwekwa muziki, na sauti ya mwanamume ikasema kwamba katika mji huu mdogo wanawake walikuwa wakizaa kwenye nyasi, hadi jina hili lilipofika. Halafu binti akaonyeshwa anatabasamu. Ilikuwa picha waliyompiga kabla ya mahojiano, walipomwomba atabasamu.

Walikuwa wamezichukua nyasi zake. Hawakuzikana. Walizisogeza tu nyuma kidogo, kabla ya utepe, zikawa sifa yao.

Mdogo wangu alimuuliza binti yake yule mtu amesema nini. Binti alitafsiri kwa uaminifu, hakupunguza neno. Mama yake alinyanyuka, akaenda nje kwenye bomba, na tukamsikia akisukutua mdomo. Aliporudi alisema simu izimwe.

Binti alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho cha taifa, aliomba jina la seneta liondolewe. Ilichukua safari nyingi za ofisini, na karani mmoja alimshangaa, akasema wengine wangelilipia jina kama hilo. Baba yake alipata ruhusa akaja kusimama naye. Sasa lipo lile la Kinyarwanda na la ubatizo alilolichagua mwenyewe. Mdogo wangu hataki kuzungumzia filamu. Ukiitaja, anatoka chumbani.

Mimi nilikutana na mkalimani hivi karibuni sokoni, kwa wauza samaki. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za familia. Kisha, bila mimi kuanza, akasema anajua tumemkasirikia.

"Lakini mwalimu, fikiria. Ungetaka wazungu waone kwamba tulimfungia mlango mzazi? Nililinda jina letu sote."

"Mdogo wangu alizungumza," nilimwambia. "Wewe ulikuwa na kazi moja."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye mtoto na yeye ndiye mwalimu. Alisema kuna ujumbe mwingine unakuja, watu wa kutengeneza upya wodi, na kwamba kama tungekuwa na moyo laini zaidi tungefaidi. Alininyooshea mkono. Ulikuwa safi, laini, una pete. Niliuangalia hadi akauteremsha mwenyewe. Kisha nikamgeukia mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, nikamwomba anipimie kilo moja.